Hakimu ni Mfuko: Visu vya Kukunja Vilivyoweka Rekodi

Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, walisema wahenga, lakini hawakutaja kisu chenyewe kiwe na ukubwa gani. Wapenzi wa visu vya kukunja wameijaza nafasi hiyo kila mtu kwa namna yake. Wapo waliounda kisu kirefu kuliko kitanda. Wapo waliopachika mabapa zaidi ya elfu moja kwenye kisu kimoja. Na wapo ambao kila asubuhi, kabla ya kutoka nyumbani, hutumbukiza mfukoni kisu cha mtindo uleule aliobeba babu yao, wakamenyea chungwa, wakakatia kamba, wakafungulia boksi, na jioni wakakifuta na kukiweka mahali pake.

Hawa wa mwisho ndio wengi. Katika ulimwengu wa wakusanyaji hawatafuti silaha. Silaha ina adabu nyingine. Jambia la Oman huvaliwa mbele ya tumbo ili lionekane, na limefika hadi kwenye bendera ya taifa. Kisu cha kukunja hujificha ndani ya mpini wake, mpini nao ukajificha mfukoni, mpaka kazi itokee. Ndiyo maana katika orodha hii uhakimu nimeupa mfuko wa suruali. Rekodi ya kila kisu itasomwa kwa haki, lakini kila anayedai ubingwa ataulizwa swali moja tu: unaingia?

Kikongwe kuliko vyote

Hallstatt ni kijiji cha milimani huko Austria, kilichotajirika tangu kale kwa machimbo ya chumvi. Huko ndiko kilikopatikana kisu cha bapa moja chenye mpini wa mfupa ambacho kwa kawaida ndicho hutajwa kuwa kisu cha kukunja cha zamani zaidi kinachojulikana. Inakadiriwa kilitengenezwa kati ya mwaka 600 na 500 kabla ya Kristo. Tangu siku hizo wazo lenyewe halijabadilika: bapa, msumari wa kuzungukia, na mpini unaolimeza bapa.

Warumi nao hawakubaki nyuma. Makumbusho ya Fitzwilliam mjini Cambridge yana kifaa cha fedha cha karne ya 3 baada ya Kristo, chenye kijiko, uma, mwiba, mwiko mdogo na kichokoo, vyote vikikunjwa pamoja na kisu. Fedha imedumu hadi leo, ila bapa, kwa kuwa lilikuwa la chuma, limeliwa na kutu. Tajiri aliyesafiri nacho alikuwa amewatangulia Waswisi kwa karne 16. Mfuko unakipokea, ingawa Mrumi mwenyewe hakuwa na suruali.

Jina lililodumu zaidi

Zamani, kazi kubwa ya visu vidogo ilikuwa kuchonga kalamu. Ulaya walichonga manyoya ya bata bukini. Katika mwambao wetu, wanachuoni waliochonga kalamu za mwanzi kwa ajili ya hati za Kiarabu walihitaji makali ya namna hiyohiyo. Kalamu butu haiandiki, na kisu butu hakiichongi.

Katika karne ya 17, fundi wa Sheffield, Uingereza, aliyeitwa Obadiah Barlow alianza kutengeneza kisu kilichokusudiwa watu wa kawaida: bapa moja au mawili, mpini wa mfupa, na kipande kirefu cha chuma upande wa bapa kinachochukua karibu theluthi ya mpini ili maungio yasilegee. Hakikuwa na nakshi. Kilivuka bahari, kikawa kisu cha kila mtoto wa Marekani, hata Mark Twain alipoandika habari za Tom Sawyer mwaka 1876 alimpa kijana huyo zawadi ya Barlow. Viwanda vilivyokuja baadaye vikaendelea kukitengeneza kwa jina hilohilo la Barlow. Zaidi ya miaka 300 imepita, na mtu bado anaweza kuingia dukani akanunua kipya. Wafalme wachache wana jina lililodumu hivyo.

Chenye mabapa mengi zaidi

Hapa Sheffield haina mpinzani. Kampuni ya Joseph Rodgers na Wanawe, yenye alama ya nyota na msalaba wa Malta tangu 1682, ilitengeneza mwaka 1822 kisu chenye mabapa 1,822. Kisha ikaamua kwamba kila mwaka unaoingia utaongezewa bapa lake. Hiki ndicho Kisu cha Mwaka, na kilikwenda hivyo kizazi baada ya kizazi, kikafika karne ya 20, na mwaka 1970 kikaingia mikononi mwa kampuni ya zana ya Stanley. Ukikitazama ni nungunungu wa chuma: miiba kila upande, na hakuna pa kukishikia.

Nduguye ni Kisu cha Norfolk, kilichotengenezwa na Rodgers haohao kwa ajili ya Maonyesho Makuu ya London ya 1851. Kina mabapa na zana 75, mpini wa lulumizi uliochongwa, na mabapa yenye picha zilizochorwa kwa asidi. Makao yake ni jumba la chama cha mafundi wa visu, Sheffield.

Fahari hiyo ilikuwa na upande wa pili. Mipini mingi ya visu vya hali ya juu vya Sheffield ilikuwa ya pembe za ndovu, na Zanzibar ya karne ya 19 ilikuwa soko kuu la pembe katika mwambao wa Afrika Mashariki. Pembe zilizobebwa mabegani na wapagazi kutoka Ujiji na Tabora zilivuka hadi kisiwani, nyingine zikanadiwa London, na mafundi wa mipini walikuwa miongoni mwa wanunuzi. Leo biashara hiyo imepigwa marufuku, na wakusanyaji wengi wameridhika na mfupa wa ng'ombe, pembe ya kulungu au mbao.

Je, mfuko unasemaje? Kisu cha Mwaka hakiingii hata kwenye gunia.

Kikubwa kuliko vyote

Tarehe 9 Januari 2003, wapimaji wa rekodi za Guinness walipima kisu kilichobuniwa na Mreno wa Bragança na kutengenezwa kwa mkono na mafundi watatu wa hukohuko Ureno. Kikiwa wazi kilikuwa na urefu wa mita 3.9 na uzito wa kilo 122. Kinakunjwa na kukunjuliwa kama kisu kingine chochote, ila wanahitajika watu wenye mabega.

Visu vya namna hii hutengenezwa katika miji ya mafundi wa visu kwa sababu ileile inayowafanya waokaji kutengeneza keki ya ghorofa kumi: si ili iliwe, bali ili majirani wajue nani bingwa. Tuishie hapo.

Chenye kazi nyingi zaidi

Katika muongo wa 2000, kampuni ya Wenger ya Uswisi ilikusanya zana zote ilizokuwa ikizitengeneza kwa visu vyake, ikaziunganisha katika kisu kimoja kilichoitwa Giant. Matokeo yake: zana 87, kazi 141, uzito wa zaidi ya kilo moja, na jina katika kitabu cha Guinness. Kina bisibisi za kila aina, kikata sigara, kifaa cha kupimia kina cha tairi, kifaa cha kufungulia mnyororo wa baiskeli, kiparuzio cha magamba ya samaki, hata taa ya leza. Upana wake unapita sentimita 20, kwa hiyo ukikishika kwa mkono mmoja huwezi kukifunga vidole. Kiliuzwa kwa wakusanyaji, na wakusanyaji wakakiweka kabatini.

Wazo hilo halikuwa jipya. Mnamo miaka ya 1880, duka la visu la J. S. Holler mjini New York liliagiza kutoka Ujerumani kisu cha maonyesho chenye zana 100. Miongoni mwake zilikuwamo wembe wa kunyolea ndevu, kalamu ya risasi, na bastola ndogo ya risasi tano. Sasa kipo katika makumbusho ya Smithsonian, Washington. Hakuna hata kimoja kati ya visu hivi viwili kilichowahi kumsindikiza mtu sokoni.

Kilichouzwa zaidi, na kinaya chake

Kampuni ya Victorinox ya Uswisi ilitangaza mwaka 2017 kwamba imefikisha visu vya mfukoni milioni 500. Hakuna kisu cha kukunja kinachojulikana kwa sura na watu wengi zaidi: mpini mwekundu, msalaba mweupe, kibano na kijiti cha meno vilivyochomekwa pembeni.

Kinaya ni kwamba kisu cha kwanza cha jeshi la Uswisi hakikutengenezwa Uswisi. Jeshi lilipochagua Modeli ya 1890, yenye bapa, msharasi, kifungua kopo na bisibisi ya kufungulia bunduki mpya ya askari, hakukuwa na kiwanda nchini mwao chenye uwezo wa kutengeneza oda hiyo kwa wakati. Visu 15,000 vya kwanza vikatoka Solingen, Ujerumani. Karl Elsener, fundi aliyefungua karakana yake kijijini Ibach mwaka 1884, akaona aibu. Akaanza kuliuzia jeshi visu mwaka 1891, akashindwa na bei ya Wajerumani, akanusurika kufilisika.

Kilichomwokoa ni springi. Tarehe 12 Juni 1897 alisajili kisu cha maofisa ambamo springi zilezile za mgongoni zilibeba zana pande zote mbili, juu na chini. Kwa hiyo aliongeza zana, kikiwamo kizibuo cha chupa, bila kuongeza unene. Mama yake Victoria alipofariki mwaka 1909, Elsener aliipa kampuni jina lake. Mwaka 1921, walipoanza kutumia chuma kisichoshika kutu, wakaongeza neno la Kifaransa linaloelezea chuma hicho, *inox*. Wenger, mshindani wao wa karne nzima, walimnunua mwaka 2005.

Nikitazama rekodi hii, naona ubingwa wa Elsener haukuwa wingi wa zana. Zana nyingi hata Holler alikuwa nazo. Elsener alipata namna ya kuzitia zote mahali pamoja bila kumchania mtu suruali.

Kilichofika mbali zaidi

Novemba 1995, chombo cha Marekani cha Atlantis kilitia nanga kwenye kituo cha anga cha Urusi, Mir. Mwanaanga wa Kanada, Chris Hadfield, alikuwa miongoni mwa waliosubiri kuingia. Mlango ulikuwa umefungwa na mafundi wa Kirusi kwa kamba na utepe wa gundi kwa bidii ya mtu asiyetaka ufunguke njiani. Hadfield akatoa kisu chake cha Kiswisi, akakata na kubandua mpaka ukaachia. Mabilioni ya fedha yalikuwa yametumika kuwafikisha pale. Kazi ya mwisho ikafanywa na kisu kinachouzwa madukani. Na hata angani, kilitoka mfukoni.

Kilichofanya kazi ngumu zaidi

Aprili 2003, mpanda milima Aron Ralston alibanwa mkono na jiwe katika korongo la Bluejohn, jimbo la Utah, Marekani. Alikaa hapo saa 127. Alichokuwa nacho kilikuwa kifaa cha bei rahisi cha zana nyingi, chenye bapa ambalo lilikuwa limekuwa butu baada ya kuchokonolea jiwe siku kadhaa. Mwishowe aliuvunja mfupa kwa uzito wa mwili wake mwenyewe, akaukata mkono, akaokoka, akaandika kitabu. Wabebaji wa visu wameichukua habari hiyo kama wosia: kisu cha kila siku kinolewe kila wiki, kwa kuwa siku ya shida haina kinoo.

Chenye vipande vichache zaidi

Mjini Miki, mkoa wa Hyogo, Japani, kuna karakana moja tu iliyobaki yenye haki ya kutumia jina la Higonokami. Kisu hiki kilianza miaka ya 1890, miongo miwili hivi baada ya amri ya 1876 iliyowazuia samurai kutembea na panga. Mafundi waliozoea kufua makali walihitaji kazi nyingine, na mji ule ulikuwa na mafundi wengi.

Mpini wake ni bati la shaba au chuma lililokunjwa mara moja. Bapa lina mkia mdogo unaochomoza nyuma. Unausukuma kwa kidole gumba, bapa linatoka, kisha kidole hichohicho kinabaki juu ya mkia ili bapa lisirudi. Springi haimo, kufuli haimo. Kwa hiyo sehemu muhimu kabisa ya kisu hiki ni mkono wa mtu. Ukilegeza gumba, bapa hukukumbusha. Watoto wa shule wa Japani walichongea penseli kwa Higonokami kwa vizazi kadhaa, hadi kampeni za miaka ya 1960 dhidi ya visu zilipokiondoa kwenye mikoba yao. Kiwembe cha kuchongea cha plastiki kikachukua kazi, na karakana zikaanza kufungwa moja baada ya nyingine.

Mfuko unakipenda mno: ni bapa tupu na bati, chembamba, hakina kona ya kuchoma paja.

Kinachoigwa zaidi

Laguiole ni kijiji cha wafugaji katika nyanda za juu za Aubrac, kusini mwa Ufaransa. Mwaka 1829 Pierre-Jean Calmels alianza kutengeneza hapo kisu chembamba chenye kiuno. Baadaye kikaongezewa msharasi, ambao wafugaji waliutumia kumtoboa ng'ombe aliyejaa gesi tumboni, kisha kizibuo cha chupa kwa ajili ya vijana waliokwenda kufanya kazi Paris. Kwenye mpini, misumari midogo imepangwa kwa umbo la msalaba. Husimuliwa kwamba mchungaji aliye mbali na kanisa alikichomeka kisu kwenye mkate, akasali mbele yake. Juu ya springi kuna nyuki.

Tatizo ni kwamba jina la kijiji lilikuwa halina ulinzi. Visu vyenye nyuki na jina hilo vikamiminika kutoka viwanda vya Asia, vya bei ya chini na chuma laini, na mtu asiye wa kijijini akasajili jina hilo kuwa mali yake kibiashara. Mwaka 2012, baada ya kushindwa mahakamani, wanakijiji waling'oa kibao cha barabarani chenye jina la kijiji chao kwa kupinga. Kiwanda kilichoanzishwa hapo mwaka 1987 na kubuniwa na Philippe Starck kina bapa la mita 18 linalochomoza kutoka kwenye paa kuelekea mbinguni. Ndilo bapa refu kuliko yote katika orodha hii, na halijawahi kukata kitu. Ukitaka kujua kama Laguiole ulichoshika ni cha kweli, mwache nyuki, tafuta jina la fundi kwenye shina la bapa. Mafundi wa kweli hawaoni haya kutia sahihi.

Kilichopotea njia zaidi

Mwaka 1929 kiwanda cha Cognet cha Thiers, mji mkuu wa visu wa Ufaransa, kilitengeneza kisu cha rahisi kwa soko la visiwa vya Melanesia katika Bahari ya Pasifiki. Mpini ulikuwa bati la chuma lililokunjwa, ukachorwa umbo la mzimu wa visiwa hivyo, nacho kikaitwa Douk-Douk. Umaarufu wake mkubwa ukaja kupatikana maelfu ya kilomita kutoka huko: Algeria na Afrika Kaskazini. Wakulima na wasafiri wa jangwani walikuta ni kisu chembamba, kisichovunjika, chenye chuma kinachonoleka hata kwenye jiwe la njiani. Mzimu wa Pasifiki ukahamia Sahara, na hakuna aliyemwuliza pasipoti.

Chenye jina kubwa na sifa mbaya zaidi Afrika

Okapi kilianza Solingen mwaka 1902, mwaka mmoja tu baada ya wanasayansi wa Ulaya kumtambua rasmi okapi, mnyama wa misitu ya Ituri ambaye Wambuti walikuwa wamemjua siku zote. Kisu hicho kililengwa makoloni ya Ujerumani barani Afrika, na Tanganyika ilikuwa mojawapo. Mwaka 1988 utengenezaji ulihamia Afrika Kusini, na huko ndiko unakoendelea.

Ukikiona mara moja hukisahau: mpini wa mbao uliopinda, wenye mwezi mchanga na nyota za bati, na pete ya chuma mgongoni. Ukikifungua, meno ya kwenye shina la bapa huparuza springi kwa mlio wa *kra-kra-kra*, kisha bapa linafungwa imara. Ili likunjike, sharti uvute pete. Mlio huo ndio uliokitia matatani. Huko Afrika Kusini jina lake limetajwa mahakamani mara nyingi kuliko madukani, na huko Jamaika kisu cha namna hiyo kimekuwa alama ya vijana wa mitaani. Ila wachuna ngozi, wavuvi na wakulima wa kusini mwa Afrika wanakijua kwa upande mwingine: ni cha bei nafuu, kinashika makali, na kikiibwa hulii. Chuma hakina dhambi. Mkono ndio wenye kesi.

Kinachosakwa zaidi na wakusanyaji

Marekani ndiko ukusanyaji ulikogeuka elimu. Chukua kisu cha Case, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1889 na yenye makao yake Bradford, Pennsylvania. Kwenye shina la bapa kuna namba, tuseme 6254. Kwa mwenye kujua kusoma, 6 ni aina ya mpini, yaani mfupa uliochongwa mikwaruzo. 2 ni idadi ya mabapa. 54 ni umbo, yaani kisu cha mtega wanyama. Chini ya jina la kampuni kuna nukta. Mwaka 1970 waliweka nukta 10, kisha wakaondoa moja kila mwaka, hivyo kisu chenye nukta 7 kilitoka 1973. Mzee anaweza kukiinua kisu mezani, akaweka miwani, akakwambia umri wake kabla hajakifungua.

Halafu anakifungua. Anaingiza ukucha kwenye mfereji mdogo wa bapa, anavuta. Springi inapinga, inakubali, na mwishoni inaliuma shina kwa mlio mfupi mkavu. Anakifunga, mlio tena. Anakiinua kwenye mwanga atazame kama kuna upenyo kati ya springi na sahani za pembeni. Mlio dhaifu, bei inashuka. Upenyo, bei inashuka tena. Visu hivi vya jadi havina kufuli; nguvu ya springi ndiyo uaminifu wake wote.

Kiitwacho lulu ya wakusanyaji wengi ni kisu cha Remington R1123 cha mwaka 1922, chenye nembo ya risasi kwenye mpini. Kampuni hiyo ya bunduki iligeukia visu vita vya kwanza vya dunia vilipomalizika na mashine zikakosa kazi. Vya asili ni adimu, na vya kughushi ni vingi kiasi kwamba mnunuzi mgeni hushauriwa kumchunguza muuzaji kabla ya kununua kisu. Na jadi haijafa: Great Eastern Cutlery, iliyoanza mwaka 2006 mjini Titusville, Pennsylvania, mji wa kisima maarufu cha mafuta cha 1859, hutengeneza visu vya mitindo ya kale kwa mafungu madogo ambayo hugombewa.

Adui mkubwa zaidi

Siyo kutu. Ni mlango wa uwanja wa ndege. Baada ya Septemba 2001, visu vilipopigwa marufuku ndani ya ndege na kuondolewa kwenye maduka ya viwanjani, mauzo ya visu vya Victorinox yalianguka kwa karibu theluthi moja. Kampuni haikufukuza watu. Wengine iliwaazimisha kwa kampuni za jirani mpaka mambo yakatulia. Mwaka 2013 mamlaka ya usalama wa safari ya Marekani ilitangaza kuviruhusu visu vidogo tena, wahudumu wa ndege wakapinga, na miezi mitatu baadaye tangazo likafutwa.

Ardhini nako kila nchi ina rula yake. Uingereza humruhusu mtu kubeba bila sababu kisu cha kukunja kisicho na kufuli, chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62; kikiwa na kufuli, huhesabiwa kama kisu kisichokunjika. Hispania, nchi ya visu vikubwa vya Albacete, imeweka mpaka wa sentimita 11. Japani huanza kuuliza maswali kwenye sentimita 6. Sheria hizi ndizo zilizorudisha sokoni visu vya babu visivyo na kufuli, kwa kuwa ndivyo vinavyopita.

Bingwa wa jumla

Ubingwa unakwenda kwa Opinel namba 8.

Joseph Opinel wa Savoie, milima ya Ufaransa, alikibuni mwaka 1890, na mwaka 1897 akavipanga visu vyake kwa namba 1 hadi 12. Namba 1, chenye bapa la sentimita 2, kilining'inizwa kwenye mnyororo wa saa. Kilifutwa mwaka 1935 pamoja na namba 11. Namba 13, jitu lenye bapa la sentimita 22, hutengenezwa kwa wapenda vituko. Namba 8 kina bapa la sentimita 8.5, mpini wa mbao, msumari, na pete mbili. Vipande vitano, basi. Pete ya juu, iliyoongezwa mwaka 1955, huzungushwa kwa vidole ili kulifunga bapa. Kampuni inataja mauzo ya zaidi ya visu milioni 300, na mwaka 1985 makumbusho ya Victoria na Albert ya London yalikiweka kwenye orodha ya bidhaa 100 zilizobuniwa vizuri zaidi duniani, pamoja na gari la Porsche 911. Gari hilo lina sehemu maelfu.

Kina kasoro, na kwetu mwambaoni huonekana haraka. Unyevu huvimbisha mbao, bapa likagoma kutoka. Dawa ya watu wa Savoie ni kulegeza pete, kisha kukigonga kitako cha mpini mezani mara moja. Bapa huchungulia lenyewe, ukalivuta. Chuma chake cha kawaida kikimenya embe bichi hugeuka buluu na kijivu ndani ya dakika chache, na kikilala na maji ya dafu huamka na kutu. Anayeishi Tanga, Mombasa au Muscat anunue kilichoandikwa *inox*. Anayependa chuma kinachobadilika rangi kwa kazi anunue cha kawaida, akifute kwa kitambaa kila anapokitumia, akipake tone la mafuta ya nazi.

Rekodi za mabapa zaidi ya 1,822 na kilo 122 zitavunjwa siku moja, kwani siku zote atatokea mtu mwenye chuma na muda. Sioni atakayeivunja ya vipande vitano vinavyokata kila kitu na kuingia popote. Kinoe, kibebe, kitumie. Na siku ya safari ya ndege kiweke kwenye mzigo unaokwenda chini, kwa sababu mahakama ya uwanja wa ndege haipokei rufaa.